Nafasi ya Kuitikia

Mke wangu aliitwa Bonifasia. Alizaliwa Ngara, karibu na Rusumo, mahali ambapo ukilala unasikia maporomoko. Alipoletwa kwangu Nyamahanga, wiki za kwanza hakulala vizuri. Mama yangu akadhani anaogopa ndoa. Nilipomuuliza akasema, "Kwenu ni kimya mno. Masikio yangu hayana kazi."

Akayatafutia kazi. Akaanza kusimulia.

Hadithi alitoka nazo kwao. Wao ni Wahangaza, sisi ni Wasubi. Lugha zetu zinaelewana kwa kusukumana kidogo, na neno lililonishinda alinipa kwa Kiswahili. Kwao hadithi ina sharti. Lazima awepo mtu wa kuitikia. Msimuliaji anasema maneno yake, ananyamaza. Mwitikiaji anasema, "Ehe." Ndipo yeye anasogea mbele. Usipoitikia, anakaa hapo hapo anakusubiri. Hajakasirika. Anasema hadithi imebisha hodi, na kama hakuna wa kuikaribisha haiwezi kuingia ndani.

Nikawa mwitikiaji wake. Mimi si msemaji. Mama yangu alikuwa akisema mimi maneno yangu niliyasema yote tumboni mwake nikayamaliza. Bonifasia aliposikia alicheka sana.

"Nimepata wa kwangu," akasema. "Wasemaji wawili nyumba moja, nani angesikiliza?"

Watu wanadhani kuitikia ni kazi ndogo. Kuna "ehe" ya nimesikia. Kuna "ehe" ya hapo unanidanganya. Kuna ya harakisha, naogopa. Zote alizijua, na kila moja aliisubiri kwa namna yake. Ile ya kuogopa aliichelewesha makusudi, ananitazama, mpaka naitoa mwenyewe.

Tulizaa, watoto wakaitikia pamoja nami. Walikua, wakaondoka. Desderius akaenda Kahama, dada zake wakaolewa. Nikabaki mimi peke yangu kwenye kigoda. Hakupunguza kitu. Alinisimulia mimi mmoja kama anavyosimulia nyumba iliyojaa.

Migomba yetu iliponyauka, ule ugonjwa ulipopita Kagera yote, alikwenda Nyakanazi kuuza chakula. Alipata kibanda cha mabati pale njia panda, malori yanapolala. Alikaa huko siku za kazi, akirudi Jumamosi ili Jumapili twende kigangoni. Jioni moja nilimpelekea maharage. Nikakuta madereva wamejaa kwenye mabenchi, sahani zao tupu, na hakuna anayeondoka. Alikuwa anasimulia, mkono mmoja una upawa. Wale wanaume wazima wanasema "ehe" kama watoto.

Mmoja akamuuliza, "Mama, huyu ndiye mzee wako? Mbona hasemi?"

"Anasema," Bonifasia akajibu.

"Anasema nini?"

"Anasema ehe. Ninyi mmejifunza juzi, mwenzenu ni fundi."

Walicheka. Mimi niliweka gunia chini nikakaa nao. Siku hiyo tuliitikia wengi, lakini alipofika penye hofu alinitazama mimi.

Baadaye miguu ilianza kumsumbua, kibanda akakiacha, akarudi nyumbani moja kwa moja. Nilifurahi. Sikumwambia, lakini alijua.

Anneth ni binti wa Desderius. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ngara, upande wa Rusumo alikozaliwa bibi yake. Likizo moja alikuja na simu kubwa na kifaa cha miguu mitatu cha kuisimamishia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu."

Bonifasia akapaza sauti kutoka jikoni. "Mke mwenza amefika? Aje kwanza amenye ndizi. Mapenzi baadaye."

Anneth alitaka kumrekodi bibi yake. Alisema watoto wa siku hizi hawasimuliwi. Jioni kila mtu ameinamia simu. Basi hadithi nayo iingie kwenye simu, iwakute huko huko. Aliwaza pia wanafunzi wake, maana vitabu vya kusoma havikuwatosha.

Bonifasia alikubali, lakini kulikuwa na shida ya mchana. Kwao hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Anneth naye alisema jioni simu haioni vizuri. Walibishana mpaka ndizi zikaiva. Mwisho Bonifasia akasema tufunge madirisha, tuache mlango wazi kidogo upande wa Anneth, tuwashe koroboi. Tukawasha koroboi saa saba mchana.

"Bibi, hadithi itadanganyika kweli?" Anneth akauliza.

"Hadithi haina saa ya mkononi. Ikiona koroboi, imeona jioni."

Jogoo akawika nje. Bonifasia akamgeukia mlangoni. "Na wewe nyamaza. Umechanganyikiwa, watu wamelala."

Nilivuta kigoda changu nikakaa kushoto kwake, mahali pangu. Anneth akaniangalia.

"Babu, samahani. Ungekaa nje kidogo. Sauti yako itaingia."

Bonifasia aliweka mikono yake mapajani. "Basi nami natoka naye."

"Bibi, simu ndiyo inakusikiliza."

"Inaitikia?"

"Haiitikii."

"Basi ni kiziwi. Muache babu yako akae."

Nilikaa. Alisimulia kwa Kiswahili, kwa kuwa Anneth alisema watu wa Dodoma hawajui Kihangaza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini kilifika. Alisema, nikaitikia. Likizo ile, na zilizofuata, walirekodi hadithi karibu zote alizokuwa nazo. Anneth akaziweka mtandaoni, akafungua chaneli yenye jina la bibi yake.

Sisi tulikuwa na simu ya kitochi. Anneth alipotaka kutuonyesha kwenye yake, Bonifasia alikataa. "Nijisikilize ya nini? Naijua sauti yangu, nakaa nayo."

Lakini habari za wasikilizaji alizitaka. Anneth akipiga simu, swali lilikuwa moja.

"Wanasikiliza?"

"Wengi sana, bibi. Hadi Uarabuni."

"Wanaitikia?"

"Wanabonyeza kidole gumba."

"Kidole wanacho, mdomo hawana?"

"Wengine wanaandika."

"Wanaandika nini?"

"Wanaandika, 'Mungu akupe maisha marefu, bibi yetu.'"

Bonifasia alifikiri kidogo. "Hiyo si kuitikia," akaniambia alipokata simu. "Hiyo ni kuagana."

Alianza kuvimba miguu wakati wa kupanda maharage. Hospitali wakasema ni moyo. Maharage aliyoyapanda niliyavuna mimi na majirani, yeye hayupo.

Kwenye mazishi walikuja watu nisiowajua. Anneth alikuwa ametangaza huko mtandaoni. Wengine walipiga picha kaburi, wakasema walimfahamu. Niliwapa mkono wote. Matanga yalipokwisha wakaondoka, na watoto wangu wakaondoka. Desderius aliniachia simu yake kubwa.

"Baba, mama yumo humu. Ukimkumbuka, gusa hapa."

Nilikaa nayo siku nyingi sijagusa. Niliifunika na kitambaa chake cha kichwani. Mchana nilikuwa shambani, jioni nilikula, nikasali rozari, nikalala. Jirani yangu Evaristi alikuja akakaa na mimi, lakini Evaristi ni msemaji. Mtu akisema sana nyumbani kwangu, kile kimya kinaongezeka akishaondoka.

Jioni moja niligusa.

Akatokea. Koroboi ilikuwa pembeni yake, na kile kitenge chake cha njano. Nilivuta kigoda nikakaa kama tulivyokuwa tunakaa.

"Fisi alikwenda ukweni," akasema.

Nilifungua mdomo niitikie. Kabla sijatoa sauti, yeye amekwisha kusema, "Akaambiwa, ukweni hakuchekwi." Nikasema ehe. Alikuwa ameshafika kwingine. Nikasema ehe tena, akaipita. Alikwenda hivyo mpaka mwisho, sentensi juu ya sentensi, kama mtu anayefukuzwa. Kwenye picha kichwa chake kilikuwa kinaruka, mara huku, mara kule.

Nilisikiliza nyingine. Nikasikiliza nyingine tena. Sauti yangu haikuwemo hata mahali pamoja. Hilo si kitu, sauti yangu haina uzuri. Lakini zile nafasi alizokuwa ananiachia nazo hazikuwemo. Na macho yake yalikuwa yanatazama kushoto, nilipokuwa nimekaa. Mtu asiyejua ataona mama mzee anasimulia ukuta.

Bonifasia hakuwahi kusema peke yake. Mle ndani alikuwa peke yake.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaamua kwenda kwa Anneth. Nilijua ndiye aliyezikata zile nafasi. Nikawaza, fundi akikata nguo, vipande vinabaki sakafuni. Hata kimoja kingenitosha. Hadithi moja tu, anisubiri kama alivyokuwa ananisubiri.

Nilipanda pikipiki mpaka Nyakanazi, nikapata haisi ya kwenda Rusumo. Kijana aliyekaa jirani yangu alikuwa anatazama simu njia nzima. Tulipita Lusahunga, tukaingia porini, hajainua kichwa. Kila alichofungua alikiacha kabla hakijaisha. Kidole chake kilikuwa kinasukuma tu.

Shuleni nilikuta Anneth yuko darasani. Aliponiona mlangoni alishtuka.

"Babu! Shikamoo. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Maliza kazi yako."

Akaniwekea kiti nyuma. Watoto wakasimama kunisalimia, wakakaa. Juu ya meza kulikuwa na spika ndogo nyeusi. Anneth akagusa simu yake, na sauti ya mke wangu ikajaa darasa zima.

Watoto walikunja mikono, wakakaa kimya. Hadithi ilipokwisha Anneth aliuliza maswali, vidole vikaenda juu kila upande. Fisi alikwenda wapi? Ukweni! Alikatazwa nini? Kucheka! Walijua kila kitu. Walijua hadithi ambazo wanangu wa kuzaa wamezisahau. Hilo nalisema kwa haki. Watoto wale hawakumwona Bonifasia, na wanamjua.

Akafungulia ya pili. Ilipofika katikati, sijui ilikuwaje, nikaitikia. "Ehe." Kwa sauti.

Darasa lote liligeuka. Likacheka. Binti mmoja wa mbele, mwalimu wake alimwita Ineza, akauliza, "Babu, unaongea na spika?"

"Naongea na mke wangu."

Wakaacha kucheka. Anneth akazima, akawaambia watoke wakacheze.

Tulikaa kwenye ofisi ya walimu. Alinipa chai. Nilimweleza nilichofuata. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe chake bila kunywa.

"Babu, nilifuta," akasema.

"Zote?"

"Zote. Simu ilikuwa inajaa. Nikishamaliza kutengeneza, nafuta ile ya mwanzo, narekodi nyingine. Sikujua kama..."

Akaweka kikombe mezani.

"Kwa nini ulikata?" nikamuuliza baadaye.

"Watu wa mtandaoni hawasubiri, babu. Ukinyamaza kidogo tu, wanaondoka. Naona kabisa wanavyoondoka, kuna mchoro unaonyesha."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwenye video nyingine."

"Na huko hakuna kunyamaza?"

"Hakuna."

"Basi wana shida."

Alicheka, kisha akalia. Nilimshika bega. Mtoto huyu hakufanya ubaya. Ndiye aliyembeba bibi yake akampeleka mbali kuliko mimi nilivyoweza. Kama si yeye, ningekuwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho.

Akafuta macho, akafungua kompyuta. Akasema anaweza kurudisha nafasi. Alifanya kazi kwa muda, mimi natazama nje malori yanavyopanga foleni ya mpakani. Kisha akaniita.

"Sikiliza, babu. Itikia."

Bonifasia akasema, "Fisi alikwenda ukweni." Akanyamaza. Nikasema ehe. Akaendelea. Akanyamaza. Nikasema ehe.

Nilijaribu kwa ajili ya Anneth, lakini nilijua mapema. Vile vimya vyote vilikuwa vya urefu mmoja, kama matofali. Na kwenye picha alikuwa ameganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Hakuwa ananisubiri. Alikuwa amesimamishwa.

"Iko sawa, babu?"

"Umefanya vizuri, mke wangu. Iache."

Nililala kwake, kesho yake nikaanza kurudi. Ndani ya gari nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilijiambia kwamba nimemzika, na sauti yake imekwenda naye, na hiyo iliyobaki ni ya watu.

Nyakanazi pikipiki hazikuwa karibu. Nikaenda kwenye kile kibanda chake cha zamani. Siku hizi yupo mama anaitwa Koleta, anauza chipsi na mishikaki. Ananifahamu. Alinivutia benchi, akanimiminia chai bila kuniuliza.

Mwanaume mmoja mnene alikuwa anakula benchi la pili. Alinitazama, akaacha kutafuna.

"Mzee wa ehe!"

Nilimtazama. Sikumkumbuka.

"Mimi Gidioni. Dereva. Nimekula hapa kwa mama miaka yote. Wewe ulikuja na gunia la maharage, ukakaa pale." Akasimama, akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, mzee wangu. Nilikuwa Kigali nilipoona msiba kwenye simu. Nilisimamisha gari."

"Tumeshapoa," nikasema. Ndivyo tunavyosema.

Akakaa kwangu. Aliagiza mishikaki ambayo sikuiomba. Aliniambia kila akikaa foleni Rusumo anafungulia hadithi za mtandaoni.

"Lakini nikwambie ukweli, mzee? Usikasirike."

"Sema."

"Yule wa mtandaoni si mama. Mama hakuwa anakimbia. Mama alikuwa anakusubiri mpaka unaona aibu."

Niliweka kikombe chini.

"Ninayo moja," akasema. "Nilirekodi hapa hapa. Niliweka simu mezani niwapelekee wanangu Singida. Ina makelele, usitegemee sana. Iko kwenye memori kadi, ipo garini."

Koleta akasema, "Nenda, baba. Pikipiki ikija nitaizuia."

Lori lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo cha mafuta. Kupanda kulinishinda, akanisukuma kutoka chini kama mtu anapandisha gunia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya gari. Akachomeka kadi, akatafuta kwa kidole. Nyimbo zikapita, mahubiri yakapita. Kisha zikasikika sahani.

Sahani, na lori linapiga honi, na mtu anasema, "Mama, ongeza mchuzi."

"Subiri," akasema Bonifasia. "Fisi bado yuko njiani, wewe unataka mchuzi."

Wanaume wakacheka. Alikuwa yeye. Nilishika dashibodi.

"Basi fisi akafika uani kwa wakwe," akasema.

"Ehe," wakasema.

Akasubiri mpaka yule wa mwisho aliyechelewa naye akasema.

"Akakumbuka ameambiwa asicheke. Akafunga mdomo kwa kamba ya mgomba."

"Ehe!"

Sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya Gidioni. Nilimwonea wivu. Alikuwa anaitikia mahali pangu, na mke wangu alikuwa anamsubiri kama anavyonisubiri mimi, bila kupunguza. Jioni ile mimi nilikuwa Nyamahanga, nyumbani, sijui kitu.

Hadithi iliendelea. Fisi amesimama mlangoni, kamba mdomoni. Ndani anasikia kitu kinaanguka.

"Mlango ukaanza kufunguka," akasema Bonifasia.

Pakawa kimya. Labda midomo ilikuwa imejaa. Labda kuna kitu kilipita barabarani wakageuka kukitazama. Hakuna aliyeitikia. Upawa uligusa sufuria, ukatulia. Nilimsikia anavuta pumzi kupitia puani, kama anavyofanya, na anasubiri.

"Ehe," nikasema.

"Haya," akasema Bonifasia. "Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka."

Gidioni alikuwa ametazama dirishani. Hakugeuka mpaka hadithi ilipokwisha. Kisha akachukua simu yangu, akanirushia ile hadithi, akanishusha taratibu mpaka chini. Pikipiki ilikuwa inangoja.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Anneth. Alifurahi kupita kiasi, akaniomba nimtumie ili aiweke mtandaoni. Evaristi akanisaidia kuituma. Baada ya saa moja akapiga.

"Babu, ni nzuri sana! Nitapunguza tu makelele. Na pale katikati pana kimya kirefu, nitakifupisha."

"Usikate."

"Babu, pale watu wataondoka wote."

"Waondoke."

"Haya, babu. Sikati."

Hakukata. Anasema hadithi ile haikupata watu wengi kama zile nyingine. Wengi wanaondoka pale pale aliposema wataondoka. Lakini baada ya wiki alinipigia kunisomea kitu, maana herufi za simu ni ndogo kwangu, nilizojifunza kwenye kisomo cha watu wazima zilikuwa kubwa, za ubaoni. Mtu wa Muleba, mwanamke anaitwa Domisiana, alikuwa ameandika neno moja tu: ehe. Na mwingine chini yake, ehe. Anneth alisema sasa darasani anawafungulia watoto ile isiyokatwa, na watoto wanaitikia mpaka mwalimu wa jirani analalamika.

Nilifurahi. Halafu usiku nikiwa nimelala, sikufurahi. Kile kimya kilikuwa changu.

Nimeifungua jioni nyingi tangu hapo. Huwa nakaa tayari mapema. Naijua njia yote, kutoka mchuzi mpaka mlangoni, na pale nafika nimejiandaa kama mtu anayengoja kuitwa. Naitikia. Anasema haya, anaendelea.

Juzi niliifungua nikiwa nakula. Nilitaka tule pamoja. Alipofika mlangoni nilikuwa na tonge mdomoni, la moto. Nililigeuza, nikalimeza likiwa zima, machozi yakanitoka.

"Haya," akasema. "Mlango ukafunguka."

Hakuwa amenisubiri.

Anneth alinifundisha namna ya kurudisha nyuma, ni kugusa tu. Sikurudisha. Nilinawa mikono, nikasikiliza mpaka fisi alipofukuzwa ukweni na wanaume wakacheka na mtu akaomba tena mchuzi. Akampa. Nilisikia upawa. Kisha nikafunika ugali uliobaki, uwe wa asubuhi.